Siku tatu za mafunzo ya kodi ya asilimia 15: tathmini ya mhasibu wa kampuni tanzu

Mwezi Oktoba mwaka 2025 kampuni ninayoifanyia kazi ilitulipia watu watatu wa idara ya fedha ada ya mafunzo ya siku tatu jijini Nairobi kuhusu kodi ya kima cha chini ya kimataifa. Ada ilikuwa shilingi 85,000 kwa kila mshiriki, na kwa fedha hizo tuliahidiwa mambo manne: mihadhara yenyewe, kijitabu cha maelezo, faili la Excel la kukokotolea kodi, na taarifa za mabadiliko ya sheria kwa muda wa miezi kumi na miwili. Sitaitaja kampuni ya ushauri iliyoyaandaa, kwa sababu ninayo malalamiko juu yake na mimi ni mteja mmoja tu. Ninaandika kwa ajili ya wahasibu wenzangu ambao wanaletewa matangazo ya mafunzo ya namna hii kila wiki na hawajui wapime kwa kipimo gani kabla ya kuomba idhini ya malipo.

Msomaji anapaswa kujua kwanza tunasimama wapi, maana huduma inayomfaa mmoja inaweza isimfae mwingine. Sisi ni kampuni tanzu ya kundi la Ulaya, kiwanda chetu kiko ndani ya eneo maalum la kiuchumi, na sheria ya Kenya inatutoza asilimia 10 ya faida kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka kumi inayofuata, ilhali kampuni za kawaida zinalipa asilimia 30. Mapato ya kundi zima yanavuka euro milioni 750 kwa mwaka, ambacho ndicho kizingiti cha kanuni za kodi hiyo ya kima cha chini pale yanapofikiwa katika angalau miaka miwili kati ya minne iliyotangulia. Kwa hiyo Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba mwaka huo, ilitugusa moja kwa moja: iliingiza katika Sheria ya Kodi ya Mapato kodi ya nyongeza inayojaza pengo pale ambapo kampuni za kundi moja zilizoko Kenya, zikijumlishwa pamoja, zimelipa chini ya asilimia 15.

Siku ya kwanza ilianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwezeshaji hakuwa amemaliza hata kujitambulisha vyema mzee mmoja aliyeketi mbele yangu aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, samahani, hii si ndiyo ile kodi ya Kitengela iliyotupwa na mahakama?" Wengi ukumbini walikuwa na swali hilo hilo moyoni, nami nikiwa mmoja wao miezi michache kabla. Mwezeshaji aliweka slaidi zake kando akalieleza jambo hilo kwa utulivu. Kodi ya kima cha chini ya mwaka 2021 ilikuwa asilimia 1 ya mauzo ghafi, ikimdai hata mfanyabiashara aliyepata hasara, na ndiyo maana wamiliki wa baa wa Kitengela waliipinga. Mahakama Kuu ya Machakos ikaibatilisha Septemba 2021, na Mahakama ya Rufaa ikaushikilia uamuzi huo Desemba 2022. Hii ya sasa haiangalii mauzo bali faida, haiwahusu wenye baa wala wenye maduka, na inaanza kazi pale tu kundi kubwa la kimataifa linapokuwa na faida nchini na kodi yake ni ndogo. Dakika ishirini hizo zilisafisha njia kwa siku zote tatu, na ninamshukuru mzee yule kwa kuuliza.

Sehemu iliyofuata ilihusu serikali, na hapa ndipo ninapodhani waandaaji walikuwa na hazina ambayo hawakuitumia ipasavyo. Miongoni mwetu walikuwamo washiriki wawili wanaofanya kazi serikalini katika masuala ya uwekezaji, na maswali yao yalikuwa mazito kuliko yetu sisi wa viwandani. Walitaka kujua wamwambie nini mwekezaji ambaye ameahidiwa asilimia 10 na sheria moja, kisha sheria nyingine inamdai afike 15. Jibu la mwezeshaji lilianzia tarehe 8 Oktoba 2021, siku ambayo nchi 136 kati ya 140 za jukwaa linaloratibiwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zilikubaliana juu ya kiwango cha asilimia 15, huku Kenya, Nigeria, Pakistan na Sri Lanka zikibaki nje. Kwa Kenya, sharti la kuachana na kodi ya huduma za kidijitali, ambayo ilikuwa imeanza kuitoza kwa asilimia 1.5 mwezi Januari mwaka huo huo, lilikuwa gumu kulimeza. Miaka mitatu baadaye, katika sheria ile ile ya Desemba 2024, Kenya iliifuta kodi hiyo ya kidijitali, ikaweka nyingine ya wasio wakazi wenye shughuli kubwa nchini, na ikaipitisha pia kodi ya nyongeza.

Sababu ya mabadiliko hayo iko katika mpangilio wa kanuni zenyewe. Faida ya kiwanda cha Kenya ikitozwa asilimia 10 tu, asilimia 5 zilizobaki hazimwachii mwekezaji chochote, kwa kuwa nchi ya kampuni mama inaruhusiwa kuzidai. Na kama nchi ya kampuni mama haizidai, nchi nyingine zenye matawi ya kundi hilo zinaweza kugawana deni hilo. Mlango pekee ulio mbele ya milango hiyo yote ni kodi ya nyongeza ya nyumbani, ile inayotozwa na nchi ambako faida imepatikana, mradi imetungwa kwa namna inayokubalika. Kwa hiyo afisa wa serikali hana haja ya kumwambia mwekezaji kwamba ahadi imevunjwa. Anachoweza kumwambia kwa ukweli ni kwamba shilingi hizo zingelipwa vyovyote vile, na kwamba zikilipwa Nairobi zitajenga barabara inayofika kiwandani kwake. Oman na Falme za Kiarabu, ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kwa kodi ndogo, zilianza kutoza kodi ya namna hii tarehe 1 Januari 2025. Uswisi iliwauliza wananchi wake kwa kura tarehe 18 Juni 2023, na asilimia 78.5 wakakubali. Haya yote yalielezwa kwa muda usiozidi saa moja, ilhali washiriki wale wawili wangeweza kutufundisha mengi kuhusu yale wanayoulizwa na wawekezaji mezani. Walinyimwa nafasi hiyo kwa sababu ratiba ilikuwa imebanwa.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya nisijute ada. Mwezeshaji mwingine, mama mmoja ambaye ni dhahiri amefanya kazi ya hesabu za viwanda kwa mikono yake mwenyewe, alisimama mbele ya ubao mweupe na kalamu ya wino, akaanza na kiwanda cha kubuni. Chukulia, alisema, kiwanda kina faida ya shilingi milioni 400 na kimelipa kodi ya milioni 40, yaani asilimia 10. Sheria ya Kenya inakuruhusu kutoa kwenye faida asilimia 10 ya gharama za wafanyakazi na asilimia 8 ya thamani ya vitabuni ya mali zinazoshikika. Mishahara ni milioni 300, kwa hiyo unatoa 30. Mitambo na majengo ni milioni 1,000, kwa hiyo unatoa 80. Faida inayobaki ni milioni 290, pengo ni asilimia 5, na kodi ya nyongeza ni milioni 14.5. Wengi wetu tulikuwa tukidhani ni asilimia 5 ya milioni 400, yaani milioni 20, na hapo peke yake kila mmoja alikuwa ameokoa deni la kufikirika la milioni tano na nusu.

Kisha akaongeza kampuni dada. Kundi lile lile lina ofisi ya mauzo mjini Nairobi, nje ya eneo maalum, yenye faida ya milioni 100 na kodi ya asilimia 30, yaani milioni 30. Sheria haikitazami kiwanda peke yake. Inajumlisha kampuni zote za kundi zilizoko nchini. Kodi yote ni milioni 70 juu ya faida ya milioni 500, kiwango ni asilimia 14, na pengo limeshuka kutoka asilimia 5 hadi 1. Ofisi ya mauzo nayo ina makato yake ya mishahara na mali, ambayo alikadiria kuwa milioni 20, na hivyo jumla ya makato ikawa milioni 130. Asilimia 1 ya milioni 370 ni milioni 3.7. Aliiandika namba hiyo chini ya ile ya milioni 14.5, akaweka kalamu mezani, na ukumbi ukanyamaza. Mwenzangu aliyekaa kulia kwangu alianza papo hapo kumwandikia ujumbe mhasibu wa kampuni dada yetu, ambaye hatukuwa na mazoea ya kuzungumza naye isipokuwa mwisho wa mwaka. Kwa saa ile moja ningelipa ada nzima tena.

Tatizo ni kwamba faili la Excel tulilopewa kwenda nalo nyumbani halikutoka kwa mama yule. Niliporudi ofisini nikaingiza namba zile zile za ubaoni ili kulipima kabla ya kuliamini, nikapata milioni 14.76 badala ya 14.5. Nilitumia jioni nzima kutafuta kosa langu, kisha nikagundua kwamba kosa halikuwa langu. Faili lilikuwa limejengwa kwa kanuni za mfano za OECD, ambazo makato yake yanapungua mwaka hadi mwaka: yalianza na asilimia 10 ya mishahara na 8 ya mali mwaka 2023, kwa mwaka 2025 ni asilimia 9.6 na 7.6, na yatateremka hadi asilimia 5 na 5 ifikapo mwaka 2033. Sheria ya Kenya imeandika 10 na 8 bila ngazi za kushukia. Tofauti kwenye mfano wetu ni shilingi 260,000, ambayo si kubwa kwa kiwanda, lakini itapanuka kila mwaka, na mhasibu anayejaza fomu kwa faili hilo atakuwa anailipa serikali zaidi ya inavyodai sheria bila kujua.

Wala sisemi kwamba kanuni za mfano hazihitajiki. Makao makuu yetu Ulaya yanazihitaji, kwa sababu hesabu ya kundi zima inafanywa kwa kanuni hizo, na wakaguzi wa kule wataitazama kodi ya Kenya na kuuliza kama imehitimu kupunguza deni lao. Kampuni tanzu ya Kenya inahitaji hesabu mbili zinazokaa bega kwa bega, moja ya nyumbani na nyingine ya ugenini, na safu ya tatu inayoonyesha zinapoachana na kwa nini. Hilo ndilo jambo ambalo huduma inayouzwa Nairobi kwa wahasibu wa Nairobi ilipaswa kulitanguliza. Nililijenga mwenyewe kwa siku mbili.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kwenye fomula. Katika siku zote tatu, suala la wapi namba zinatoka lilipewa nusu saa ya mwisho ya siku ya pili, wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba. Nilielewa uzito wa nusu saa hiyo nilipokaa na ofisa wetu wa mishahara wiki iliyofuata. Alinitazama akauliza, "Mkuu, na hawa wanaoletwa na wakala niwaweke wapi?" Tuna watu wengi wa namna hiyo kwenye mstari wa kufungasha, wanavaa sare zetu na kusimamiwa na msimamizi wetu, lakini hawamo kwenye orodha yetu ya mishahara, na malipo yao yanaingia vitabuni kama ankara ya huduma. Kanuni za mfano zinawahesabu pia watu wasio waajiriwa rasmi kama wanafanya kazi za kawaida za kundi chini ya maelekezo na usimamizi wake, na kwa hiyo ankara ile iliyofichwa kwenye gharama za jumla inaweza kuwa na makato yanayotustahili. Ilitubidi tumwombe wakala atuchanganulie ankara za mwaka mzima, kipi ni malipo ya watu na kipi ni ada yake, na hadi ninapoandika haya bado ametupa miezi saba tu.

Daftari la mali za kudumu nalo lina habari yake. Nilikwenda kiwandani na karatasi mkononi, nikasimama mbele ya mashine kuukuu ya kufungasha iliyohamishiwa kwetu kutoka nchi nyingine ya kundi, mashine ambayo fundi wetu anaisifu kuwa haijawahi kumwangusha. Thamani yake vitabuni ni sifuri. Inazalisha, inalisha watu, lakini kwa hesabu hii haipo kabisa, kwa sababu makato yanafuata thamani iliyobaki vitabuni na hayajali kama mtambo unafanya kazi. Pembeni yake kuna mashine mbili mpya za kukodi ambazo nilikuta zimeandikwa mahali pawili tofauti, moja kama mali na nyingine kama gharama, ilhali mikataba yake ni sawasawa. Hakuna mwezeshaji angeweza kuyajua haya ya kwetu, hilo nakubali. Lakini orodha ya maswali ya kwenda nayo kwa mtu wa mishahara, kwa mtunza daftari la mali na kwa wakala ingekuwa na thamani kuliko kurasa arobaini za kijitabu.

Badala yake siku ya tatu karibu yote ilitumika kwenye njia za mkato za kipindi cha mpito, zile zinazoliondolea kundi hesabu ndefu katika nchi fulani likifaulu kipimo kimojawapo cha ripoti ya nchi kwa nchi ambayo huwasilisha. Kipimo cha kwanza ni mapato ya chini ya euro milioni 10 na faida ya chini ya euro milioni 1 katika nchi husika. Cha pili ni kiwango rahisi cha kodi cha asilimia 16 kwa miaka inayoanza 2025 na 17 kwa inayoanza 2026. Cha tatu ni faida isiyozidi makato ya mishahara na mali. Maelezo yalikuwa sahihi na yamepangwa vyema, ila njia hizo zinawahudumia zaidi watu wa makao makuu, ambao hawakuwamo ukumbini. Nilikuwa nikiangalia saa.

Jambo lililostahili siku hiyo ni tarehe. Kundi linapewa miezi kumi na mitano baada ya mwaka wa hesabu kuwasilisha ritani yake ya taarifa, na miezi kumi na minane kwa mara ya kwanza, ndiyo maana wenzetu wa Ulaya wanazungumzia tarehe 30 Juni 2026 kwa hesabu za mwaka 2024. Kenya inataka kodi ya nyongeza ilipwe kabla ya kwisha kwa mwezi wa nne baada ya mwaka wa mapato. Maana yake ni kwamba kampuni tanzu yenye mwaka unaoishia Desemba 2025 inapaswa kuwa imelipa ifikapo mwisho wa Aprili 2026, wakati makao makuu bado yanauliza maswali ya mwaka uliotangulia. Anayesubiri hesabu kutoka juu atachelewa. Jambo hili lilitajwa kwa sentensi moja, nami niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu taarifa za mabadiliko tulizoahidiwa, mtihani ulikuja tarehe 5 Januari 2026, nchi za jukwaa lile zilipotangaza makubaliano mapya yanayoyaondoa makundi yenye kampuni mama Marekani katika sehemu kubwa ya kanuni za kimataifa, lakini yakiziacha kodi za nyongeza za nyumbani ziendelee kuyatoza. Makubaliano hayo yaliongeza pia nafuu kwa vivutio vya kodi vinavyofuata kiasi cha matumizi au cha uzalishaji, nafuu isiyovifikia vile vinavyopunguza tu kiwango cha kodi, kama asilimia 10 yetu. Kwa nchi yenye maeneo maalum kama Kenya hizo ni habari za kwanza kabisa. Taarifa ilitufikia baada ya wiki tano, kurasa mbili, na haikugusa kodi za nyumbani wala nafuu hiyo ya vivutio. Ilieleza tu kwamba Marekani imepewa njia yake. Nilipoandika barua pepe ya kulalamika, mama yule wa siku ya pili alinipigia simu mwenyewe, akanieleza kwa dakika arobaini, na akaahidi kwamba faili la Excel litarekebishwa. Lililorekebishwa lilikuja baada ya siku tisa, lina makato ya Kenya na ya OECD katika kurasa mbili, na nimelipima kwa namba za ubaoni: limetoa milioni 14.5 na milioni 14.76, kila moja mahali pake.

Kwa hiyo kama wewe ni mhasibu wa kampuni tanzu isiyo na unafuu wowote, inayolipa asilimia 30 yake kamili, kijitabu kitakutosha na ada ya siku tatu si lazima. Kama uko ndani ya eneo maalum, au kampuni yako ina makato makubwa ya uwekezaji yanayoshusha kodi ya mwaka, siku ya pili ni ya lazima, na ninawashauri waandaaji waiuze peke yake. Kwa alama kumi, mafunzo ninayapa saba, faili la kwanza tatu, taarifa za mabadiliko nne. Wametangaza awamu nyingine mwezi Mei. Safari hii mimi sitakwenda. Nimeomba idhini ya nafasi mbili, moja ya ofisa wa mishahara na nyingine ya mtunza daftari la mali, na nimewaandikia waandaaji kuuliza kama ile nusu saa ya siku ya pili inaweza kuwa asubuhi nzima.